Dirisha Linalotazama Barabara

Orodha ya ajira mpya za kada ya afya ilipotoka TAMISEMI, jina langu lilikuwa kwenye mstari wa Halmashauri ya Wilaya ya Makete. Nyumbani kwetu Tanga hakuna aliyewahi kufika huko. Makete tuliijua kwa mambo mawili ya kusikia: baridi na Ukimwi. Kuhusu baridi, shangazi yangu wa Morogoro aliahidi kuninunulia masweta ya mtumba. Kuhusu la pili, mama alisubiri wageni waondoke, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ukiwa leba uvae glavu mbili. Na usiwe unashikashika watu."

Sikumlaumu, kwa sababu mama hajasomea uuguzi. Kilichoniumiza ni kwamba maneno hayohayo nilishayasikia wodini nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, yakisemwa na watu waliosomea. Nilimwona muuguzi mmoja akisafisha kidonda cha mgonjwa kwa mikono mitupu, kisha akahamia kitanda cha pili, akavaa glavu ili kupima presha. Faili la huyu wa pili lilikuwa na herufi tatu zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jalada. Damu na usaha aligusa bila kinga; mkono mkavu wenye ngozi nzima ndio uliomtia hofu. Mgonjwa aliziangalia zile glavu, akageukia ukutani, na tangu hapo kila alichoulizwa alikijibu kwa neno moja moja.

Niliondoka Tanga na swali moja kichwani. Je, mahali penye wagonjwa wengi ndipo penye hofu kubwa, au ndipo hofu ilipokwisha?

Na wagonjwa ni wengi kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya watu wa umri wa miaka 15 na kuendelea nchini Tanzania wanaishi na VVU. Katika Mkoa wa Njombe, ambako Makete ipo, ni asilimia 12.7, na hakuna mkoa wa Bara unaoupita. Maana yake, katika kila watu wazima wanane unaopishana nao sokoni, mmoja anaishi na virusi. Anaweza kuwa mwalimu, muuza viazi, dereva, au nesi.

Nililala Morogoro, alfajiri nikapanda basi Msamvu. Njia ile sikuwahi kuipita. Mikumi nilishangilia twiga kama mtoto. Ruaha Mbuyuni vijana walikimbilia madirishani na vitunguu vyekundu vilivyosukwa kama nywele. Kitonga basi lilipanda polepole nyuma ya malori ya Zambia, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili, na abiria wote wakanyamaza. Tulipofika juu hewa ilibadilika ghafla, nikalitoa sweta la kwanza.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Mkinga wa makamo, anakwenda kwao msibani. Aliponiuliza niendako na kazi yangu, alinitazama kwa furaha isiyofichika.

"Kumbe tunaletewa nesi! Karibu sana, binti. Watu wetu ni wapole, utawapenda."

"Ahsante, baba. Naambiwa kuna baridi."

"Baridi utaizoea." Alikaa kidogo, kisha akasema bila mimi kumchokonoa, "Nina dada yangu anatumia dawa. Miaka mingi sasa. Analima, anafuga, ana nguvu kuliko mimi. Lakini kituo cha jirani haendi. Anapanda gari mpaka wilaya nyingine, nauli yote hiyo."

Nikauliza kama manesi wa pale wana maneno mabaya.

"Hapana, manesi ni wazuri. Dirisha ndilo baya."

"Dirisha?"

"La dawa. Linatazama barabara, na ng'ambo ya barabara kuna kijiwe cha bodaboda. Ukisimama pale, kabla hujafungua kadi yako, kijiji kizima kimeshasoma jibu."

Iringa ilipita, Mafinga na misitu yake ya mipaini ikapita, nami bado nalifikiria dirisha lile. Chuoni somo la unyanyapaa lilikuwa somo la ulimi: usitukane, usiseme kwa sauti, usimwite mgonjwa kwa jina la ugonjwa wake. Hakuna aliyetufundisha kuangalia jengo. Muuguzi anaweza kuwa na moyo safi na tabasamu la kweli, huku fundi aliyejenga ukuta amekwisha kumwaga siri ya mgonjwa wake barabarani.

Makambako tuliiacha barabara kuu ya Mbeya tukakata kusini. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tuliingia na giza. Mwenye nyumba ya wageni alinisalimu kwa "kamwene", akaniletea maji ya moto bila kuombwa na blanketi mbili ambazo hazikutosha. Asubuhi nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kusimama na kulitazama.

Kutoka Njombe hadi Iwawa, makao makuu ya wilaya, barabara inapita kwenye migongo ya milima ya Kipengere: mashamba ya viazi na ngano, mianzi ya ulanzi mabondeni, ukungu unaokuja na kuondoka. Ni nchi nzuri mno. Nilikuwa nimeijenga akilini kama nchi ya wagonjwa, na kila kijiji tulichopita kilikuwa kinapalilia, kinafyatua matofali, kinaoa. Katika kimoja tulisimama kupisha msafara wa harusi. Iwawa nilimaliza taratibu za kuripoti kwa Mkurugenzi, nikapangiwa kituo cha afya ambacho sitakitaja. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijaonyeshwa nyumba, nilitembea hadi upande wa barabara. Sijui kama ndilo dirisha la dada yake yule baba, lakini dirisha lilikuwapo, na kijiwe cha bodaboda kilikuwapo.

Muuguzi kiongozi wetu alikuwa mama wa hapohapo, amekaribia kustaafu. Ndiye aliyenifundisha kazi upya. Aliajiriwa zamani, wakati ambapo ugonjwa huu, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeshafika kila mkoa. Makete ni wilaya ya watu wanaotoka: wanaume walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa na biashara katika miji ya mbali, na waliougua walirudi nyumbani kufa. Aliniambia tulipokuwa tunakunja pamba mezani:

"Binti yangu, hatukuwa na dawa. Mgonjwa analetwa, unampa maji ya chumvi na sukari, unamgeuza ubavu, basi. Chakula wengine walikuwa wanakiacha mlangoni. Usiwacheke. Walikuwa wanaona watu wanaingia na hakuna anayetoka kwa miguu yake."

"Na wewe, mama?"

"Mimi niliingia, kwa sababu wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani yetu. Kama angekuwa mgeni, sijui."

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004. Kwa maelezo yake, hapo ndipo mioyo ya wahudumu ilipogeuka. Semina zilikuwapo tangu mwanzo, tena nyingi, na mabango yalijaa ukutani. Kilichowabadilisha ni kumwona mtu aliyeletwa kwa machela anarudi baada ya miezi kadhaa amebeba gunia la viazi kuwashukuru. Muuguzi aliyekuwa anahudumia watu wa kufa tu alianza kuhudumia watu wa kupona, na mikono yake ikawa na sababu ya kugusa. Namwamini. Kukata tamaa kwa mhudumu kunaonekana usoni kama dharau, na mgonjwa hana namna ya kutofautisha.

Lakini hofu haikwisha. Niliiona leba, usiku mmoja wa baridi kali. Walikuja wanawake wawili karibu kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa na kadi: anaishi na VVU, ametumia dawa miaka mingi, na kipimo cha wingi wa virusi kilionyesha vimefubaa kabisa. Wa pili alitoka shambani, hakuwahi kuhudhuria kliniki, hana kadi, na mtoto alikuwa tayari anakuja. Mwenzangu, mwajiriwa mpya kama mimi, alimwendea wa kwanza amevaa aproni, glavu mbili mbili, miwani na buti. Alipoitwa kwa wa pili, akaanza kuvua vyote abaki na glavu moja tu.

Muuguzi kiongozi alimzuia kwa mkono. "Ngoja. Kati ya hawa wawili, damu ya nani unaijua?"

Yule kijana hakujibu.

"Ya yule mwenye kadi. Dawa zinafanya kazi, na karatasi ya kipimo ipo. Ya huyu hatuijui hata kidogo. Basi vaa kwa wote. Glavu inafuata damu, haifuati jina."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoitafuta tangu nikiwa mwanafunzi. Aliyeko kwenye dawa na virusi vyake vimefubaa ndiye tunayemwogopa, na asiyepimwa ndiye tunayemkimbilia bila kinga. Utafiti ule wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 tu ndio wanaojua hali yao. Lakini kati ya wanaojua, takriban wote, asilimia 97.9, wanatumia dawa, na kati ya hao asilimia 94.3 virusi vyao vimefubaa. Pengo kubwa liko mlangoni, kabla ya kipimo. Na mlangoni ndipo tunapokaa sisi, na sura zetu, na glavu zetu za kuchagua.

Kulipopambazuka, yule kijana alikuwa na swali la haki: je, akichomwa? Kuogopa sindano si dhambi, na mtu asikemewe kwa kuuliza. Anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiye kwenye dawa ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban mara 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa anaweza kufikia 30 katika kila 100. Nilimuuliza kama amechanjwa homa ya ini. Hakuwa amechanjwa. Tunatetemeka mbele ya hatari ndogo na kuipuuza kubwa, kwa sababu ile kubwa haina aibu yake.

Muuguzi kiongozi alimpeleka kwenye kabati na kumwonyesha dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi, ambazo huanzwa mapema kadiri iwezekanavyo, isizidi saa 72, na humezwa kwa siku 28. Alisisitiza jambo ambalo sijaliona katika bango lolote: ufunguo wa kabati unakaa kwa aliye zamu. Zamani, alisema, ulikuwa unakaa kwa mkubwa mmoja aliyekuwa analala mbali, na mtu akichomwa usiku ilibidi kwanza aombe ruhusa, ajieleze, aonekane. Hofu ya wahudumu ilipungua ufunguo ulipohama. Vivyo hivyo glavu: zilipokuwa zinakwisha kila mwezi, zilizobaki zilifichwa kwa ajili ya "wale wanaojulikana", na ndivyo ubaguzi ulivyozaliwa stoo, kwenye boksi tupu, kabla haujafika kitandani. Kila anayelaumu mioyo ya manesi aanze kwa kukagua stoo yao.

Hata hivyo nisiwatetee wenzangu kupita kiasi, maana kuna ubaya ambao hauponywi na boksi la glavu. Nao ni hukumu. Niliisikia kliniki ya wajawazito, kwa sauti ya mtu ninayemheshimu: "Na wewe tena mimba? Unajua hali yako." Mwanamke aliinama akaanza kuvuta uzi wa kanga yake. Hukumu ile haina hata mguu wa kitaalamu wa kusimamia. Bila dawa, mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45; kwa dawa na ufuatiliaji mzuri, hushuka chini ya 5. Tangu 2013 mpango wa taifa ni kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, ili azae na anyonyeshe kama wengine. Serikali inampa dawa ili awe mama. Mhudumu anamuuliza kwa nini anataka kuwa mama. Sheria ya kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inamtaka mhudumu atunze siri, lakini sheria haisikii sauti inayotumika kusema "na wewe tena". Wenzake ndio wanaosikia. Siku ile mmoja wetu alimvuta pembeni wakazungumza. Sijui walisema nini. Sikumsikia tena akiuliza vile.

Jambo lililonigusa kuliko yote niliambiwa njiani, tukirudi kwa miguu kutoka zahanati ya kijiji cha mlimani. Muuguzi kiongozi alisema kwamba katika miaka yake yote amewajua wahudumu wa afya kadhaa wanaoishi na VVU, katika vituo mbalimbali. Hakutaja hata mmoja, wala mimi sikuuliza. "Lakini nitakuambia kitu kimoja," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyekuwa anachukua dawa pale anapofanya kazi. Wote walisafiri."

Tulitembea kitambo. Nilimkumbuka yule dada wa mfanyabiashara anayepanda gari kwenda wilaya nyingine, nikaona kwamba njia ya mgonjwa na njia ya nesi ni moja. Mhudumu anajua kila kitu: anajua dawa, anajua haki, anajua virusi vilivyofubaa haviambukizwi kwa kujamiiana. Anajua pia jinsi mafaili yanavyosomwa, nani anafungua kabati, nini kinasemwa chai ya saa nne. Akikimbia, anakimbia akiwa na ujuzi kamili wa mahali anapopakimbia. Kwa hiyo sasa, nikitaka kukipima kituo, siulizi wahudumu wana mtazamo gani. Kila mtu atanijibu vizuri. Nauliza: je, ungeacha faili lako hapa?

Swali hilo lilipata uzito zaidi mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Miaka mingi CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo, zilikuwa na watumishi wao waliolipwa na miradi: washauri, watunza takwimu, watu wa kufuatilia waliopotea. Baadhi hawakurudi kazini. Kwetu kazi zao ziligawiwa sisi wa wodini na wagonjwa wa nje, na watu waliozoea kupokelewa na sura mbili tatu walizoziamini sasa wanapokelewa na yeyote aliye zamu. Mhudumu aliyekuwa anasema "hayo ni mambo ya watu wa CTC" hana tena pa kuyasukumia. Naogopa kwa ajili ya wagonjwa wetu, na nasema wazi kwamba mtu aliyechoka, mwenye foleni ya watu sitini, huwa mkali kwa wote, na ukali huo humuumiza zaidi yule aliyekuja tayari anatetemeka.

Dirisha nililipeleka kwenye kikao cha watumishi. Nilipendekeza lifungwe, dawa zitolewe kwenye dirisha la kawaida pamoja na za malaria na presha. Mfamasia alikuwa na hoja: daftari ni tofauti, na foleni itakuwa ndefu. Mwingine alisema kwa kuwa wengi sasa wanapewa dawa za miezi sita, kero imepungua. Ndipo muuguzi kiongozi alipomwita mmoja wa WAVIU washauri, mama anayeishi na VVU ambaye huwashika mkono wanaoanza dawa, na kumwomba aseme wao wanatakaje.

"Mnaniuliza dirisha," alisema, "lakini wengine wetu dirisha lile wanalipenda. Pale tunajuana, tunataniana, hakuna foleni. Wengine hawalitaki hata kulipita. Waachieni wachague, la huku au la huko. Ila mkishaniita msiniulize dirisha tu. Niulizeni na benchi letu, kwa nini liko nje kwenye baridi na ya wengine yako ndani. Niulizeni nani anaita majina, na kwa nini anayaita yote matatu. Niulizeni kwa nini mafaili yetu ni ya rangi moja, ya peke yake."

Mganga mfawidhi aliandika yote. Mafaili yanahitaji fedha, na kurekebisha madirisha ya dawa kunahitaji fundi. Tukaanza na benchi.